Kutoka Bweremana hadi Goma: namna watumishi wa vyuo vikuu wanavyopambana na msongo wa kazi

Mtu anayetoka Bweremana kwenda kazini katika chuo kikuu mjini Goma anaanza kuchoka kabla ya kufungua mlango wa ofisi. Bweremana iko kando ya Ziwa Kivu, katika sheferi ya Bahunde, wilaya ya Masisi, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Inapitiwa na barabara ya taifa namba 2, ile inayounganisha Goma na Bukavu kwa kupitia Sake na Minova. Barabara hiyo ikiwa wazi, mtu anapanda gari ama pikipiki na anafika. Ikifungwa juu ya vita, kinachobaki ni ziwa. Na kwa miaka hii ya karibuni imefungwa mara nyingi.

Vitabu vingi vinavyozungumzia msongo wa kazi vinaanzia ndani ya ofisi: mkubwa mkali, makaratasi mengi, simu isiyonyamaza. Kwa karani, apariteri, asistanti ama profesa wa Kivu ya Kaskazini, hayo yote yapo, lakini mzigo una pande tatu: njia ya kufika kazini, kazi yenyewe, na mshahara. Anayemwambia mtumishi kama huyo «pumzika kidogo» bila kugusa pande hizo tatu anampa nusu ya dawa.

Barabara kabla ya ofisi

Mwezi wa Februari 2024, mapigano yalifika Shasha, kati ya Sake na Minova, na barabara ya Goma kwenda Bukavu ikakatika. Wachuuzi, wanafunzi na watumishi wa serikali waliokuwa wakipita nchi kavu wakahamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa watu ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingojea. Siku hiyo gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitangaza kwamba watu 78 wamekufa kati ya 278 waliokuwa ndani. Miezi mitatu baadaye, Januari 2025, vita vilipita Minova na Sake hadi Goma yenyewe, ambayo iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi huo. Bukavu ilifuata katikati ya Februari.

Kabla ya hapo volkano ilikuwa imeshawazoeza watu kukimbia. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na kuunguza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye gavana akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamishwe. Umati ukaelekea Sake, na wengine wakaendelea mbele kwa barabara hiyo hiyo ya Bweremana na Minova. Watumishi wa vyuo walikuwa ndani ya umati huo, na watoto mkononi.

Mambo haya hayabaki barabarani. Daktari Hans Selye, aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Canada, alichapisha mwaka 1936 utafiti ulioonyesha kwamba mwili unajibu hatari za namna mbalimbali kwa njia moja. Mbele ya hatari moyo unakimbia, damu inapanda, misuli inakaza na usingizi unakimbia. Hatari ikipita, mwili unatulia. Hatari isipopita, mwili unabaki macho usiku na mchana, na mwisho unachoka. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilionyesha mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopata vita ndani ya miaka kumi iliyotangulia, karibu mtu mmoja kati ya watano, yaani asilimia 22, ana tatizo la afya ya akili, kuanzia wasiwasi na huzuni hadi magonjwa makali. Mtumishi wa chuo hawezi kuacha hali hiyo mlangoni anaposaini daftari la mahudhurio.

Kazi nyingi, uamuzi kidogo

Wafanyakazi wa vyuo vikuu vya RDC wamegawanyika katika makundi matatu. Kuna maprofesa. Kuna kundi la asistanti na wakuu wa kazi, ambao wanafundisha, wanasimamia mazoezi na kusahihisha huku wakitafuta kumaliza masomo yao wenyewe. Na kuna PATO, wafanyakazi wa utawala, wa ufundi na wa mikono: makarani, wahasibu, walinzi, wafagiaji, watu wa maktaba. Watu wakizungumzia shida za iniversite, mara nyingi wanafikiria profesa peke yake. Lakini msongo haufuati cheo.

Chukua kazi ya apariteri. Yeye ndiye anayeshika majina, mafaili na alama za wanafunzi. Matokeo yakichelewa, ni mlango wake unaozingirwa. Hakufundisha, hakusahihisha, na hana ruhusa ya kubadilisha hata alama moja, lakini hasira zote zinamfikia yeye. Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani Robert Karasek alieleza jambo hili vizuri: kazi inayochosha zaidi ni ile inayodai mengi na wakati huo huo inamnyima mtu uwezo wa kuamua. Mtu mwenye kazi nyingi lakini anayeweza kupanga namna ya kuifanya anavumilia kuliko yule mwenye kazi nyingi na mikono iliyofungwa. Karasek aliongeza baadaye, pamoja na wenzake, kwamba msaada wa wafanyakazi wenzako unapunguza mzigo huo.

Kwa asistanti, shida ina sura nyingine. Maendeleo yake yanategemea profesa anayemsimamia. Akiambiwa asahihishe makaratasi ya darasa zima kabla ya Jumatatu, ni vigumu kukataa. Kwa profesa, kuna safari za kufundisha katika vyuo mbalimbali, ambako mafundisho ya muda mrefu yanabanwa ndani ya siku chache, asubuhi hadi jioni. Juu ya hayo yote, tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi nzima vilianza kuingia katika mfumo wa LMD, wenye krediti na mihula. Mageuzi yenyewe yana faida zake, lakini yalileta programu za kuandika upya, mafaili ya kupanga upya na wanafunzi wa mifumo miwili chini ya paa moja. Kazi iliongezeka, wakati mikono ilibaki ile ile.

Mshahara unaosubiriwa

Mwaka 1996, mtaalamu Johannes Siegrist alitoa maelezo mengine ambayo mtumishi wa Kivu atayaelewa bila kufundishwa. Alisema msongo unakua pale mtu anapotoa nguvu nyingi na kupata malipo kidogo. Na kwa malipo hakumaanisha pesa tu: aliweka pia heshima na uhakika wa kubaki kazini.

Katika vyuo vya serikali, kuna watu waliofanya kazi miaka mingi bila matrikili ama bila jina lao kuingia kwenye orodha ya mishahara. Wanaitwa «vitengo vipya» ama «wasiolipwa», na wanaishi kwa primu ya chuo, inayotoka katika karo za wanafunzi. Hapo ndipo vita vinapoingia mfukoni moja kwa moja: familia zikikimbia, wanafunzi hawalipi, wanafunzi wasipolipa, primu inapungua ama inakosa kabisa. Mlinzi wa lango na karani wanajua hali ya usalama ya Masisi kwa kuangalia bahasha yao ya mwisho wa mwezi.

Wenye matrikili nao hawalali vizuri. Tangu mwaka 2011 serikali ilianza kulipa watumishi wake kupitia benki. Utaratibu huo ulipunguza wizi wa njiani, lakini benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, mshahara ulikuwa mahali mtu asipoweza kuufikia. Wengi walibaki kutegemea pesa za simu, na kila anayetoa alipoteza sehemu kwa ajili ya komisheni. Mtu anafanya kazi mwezi mzima, halafu analipa ili apate kilicho chake.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, maprofesa wa vyuo vya serikali waligoma wakidai hali bora, na mazungumzo yao na serikali yakazaa mapatano yanayojulikana kwa jina la Bibwa, mahali palipo Kinshasa. Kabla ya hapo, sheria namba 18/038 ya tarehe 24 Desemba 2018 ilikuwa imewapa watumishi wa elimu ya juu hadhi yao ya pekee. Ni karatasi ambayo kila mtumishi anastahili kuisoma, hata wa PATO, kwa sababu mtu asiyejua haki yake anabeba hata mzigo usio wake.

Dalili ambazo hazifai kudharauliwa

Mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu ya wahudumu wa kliniki za kujitolea waliokuwa wakiishiwa nguvu kama mshumaa uliokwisha. Mei 2019, OMS iliiweka hali hiyo kwenye orodha yake ya kimataifa kama jambo linalotokana na kazi, na ikataja alama tatu. Ya kwanza ni kuchoka kusikokwisha hata baada ya kulala. Ya pili ni kuichukia kazi, ama kuwaangalia wanafunzi na wenzako kwa dharau na ubaridi. Ya tatu ni kuona kwamba hufanyi tena kitu chenye maana.

Alama ya pili ndiyo inayogusa watu wengi. Karani aliyekuwa mpole anaanza kuwafokea wanafunzi. Asistanti anaweka alama bila kusoma. Profesa anakuja na daftari lile lile la miaka kumi. Mwanafunzi anaona uvivu ama ubaya wa roho, na mara nyingine ni hivyo kweli. Lakini mara nyingine ni mtu aliyekwisha, na anayelipa ni kijana ambaye wazazi wake wameuza mihogo na sambaza ili asome.

Mwili nao unalipa. Utafiti wa OMS na Shirika la Kazi Duniani (OIT), uliotolewa Mei 2021, ulikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 ama zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi kwa watu hao ilikuwa juu kwa asilimia 35. Mwalimu anayefundisha asubuhi chuoni, mchana shule ya sekondari na jioni anasimamia duka lake anafika saa hizo kwa urahisi, bila mtu yeyote kuzihesabu.

Namna wanavyojitetea

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, waligawa njia za kupambana na msongo katika mafungu mawili: kutuliza moyo, na kushika chanzo cha shida. Watu wa Kivu wanafanya yote mawili, hata kama hawatumii majina hayo.

Katika fungu la kwanza kuna sala, kwaya ya jioni, mpira wa Jumapili, na kulima. Mwenye kipande cha shamba upande wa Bweremana ama Minova anajua kwamba nusu siku ya jembe inamrudishia usingizi kuliko kukaa kitandani akihesabu madeni. Kukaa pamoja kwenye matanga pia kuna kazi yake: aliyefiwa halii peke yake. Njia hizi zinafaa zaidi pale ambapo chanzo cha shida hakiko mikononi mwa mtu. Hakuna karani anayeweza kufungua barabara ya Sake kwa kukunja uso.

Katika fungu hilo hilo kuna pia chupa. Kasiksi ya jioni moja na marafiki ni jambo la kawaida. Lakini mtu anayehitaji kanyanga kila usiku ili alale anajidanganya: pombe inaleta usingizi haraka na kuukata katikati, kesho anaamka amechoka zaidi, na pesa ya unga imekwenda.

Katika fungu la pili, likelemba ina nafasi ya kwanza. Watumishi kumi wakichanga kila mwezi na kumpa mmoja wao, mshahara mdogo unageuka kwa zamu kuwa pesa ya kulipa minervali ya mtoto ama kodi ya nyumba. Vikundi vya AVEC, ambavyo vijiji vingi vya Kivu vinavijua, vinafanya zaidi: vinaweka akiba, vinakopesha, na vina kasha dogo la kusaidia mgonjwa ama aliyefiwa. Faida yake haiko kwenye pesa peke yake. Mtu anayejua kwamba tarehe fulani zamu yake inafika anaanza tena kupanga maisha, na kupanga ndiko msongo unakokuchukia.

Kazi ya pili, ambayo wengi wanaikimbilia, ina pande mbili. Inapunguza wasiwasi wa pesa na kuongeza uchovu. Anayeichagua afanye hesabu ya saa pamoja na hesabu ya franga, na aache angalau siku moja kwa wiki isiyo na kazi yoyote.

Ushahidi kutoka hapa hapa Kivu

Kuna watu wanaosema kwamba mambo ya kuzungumza na wanasaikolojia ni ya wazungu. Utafiti mmoja mkubwa uliofanyika hapa hapa unajibu. Mwaka 2013, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji vya Kivu ya Kusini na ya Kaskazini pamoja na wanawake walionusurika ubakaji. Wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengine walikutana kwa kikundi na kufuata matibabu ya mazungumzo yaliyopangwa hatua kwa hatua, yakiongozwa na wasaidizi Wakongomani waliopewa mafunzo, wala hawakuwa madaktari. Miezi sita baada ya kumaliza, asilimia 9 ya wanawake wa vikundi walibaki na dalili za huzuni nzito ama wasiwasi mkali, wakati kwa wale wengine ilikuwa asilimia 42.

Mateso ya wanawake hao hayawezi kulinganishwa na ya karani aliyechoka. Lakini utafiti huo unathibitisha mambo mawili: watu wa Kivu wanapona kwa mazungumzo yaliyopangwa, na vita havikuzuia kupona huko. Chuo chenye watumishi mia mbili kinaweza kukosa pesa ya kuajiri mwanasaikolojia, lakini hakiwezi kukosa chumba kimoja na saa moja kwa wiki ambapo watu wa ofisi moja wanakaa, wanasema kilichowachosha, na wanagawana kazi ya wiki inayofuata.

Yale ambayo wakubwa wanaweza kufanya bila pesa

Septemba 2022, OMS na OIT zilikadiria kwamba huzuni na wasiwasi vinaipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, hasara ya karibu dola trilioni moja. Shauri lao halikuishia kwa mfanyakazi. Walisema kwanza kazi yenyewe ipangwe vizuri, na wakubwa wafundishwe kutambua mtu anayezama.

Kwa vyuo vya hapa, mengi hayadai bajeti. Kalenda ya mitihani na ya matokeo ikibandikwa mapema, apariteri hazingirwi kila asubuhi. Malalamiko ya alama yakiwa na siku yake, fomu yake na mtu wake wa kuyajibu, hasira inapata njia. Watu wa kupokea wageni wakibadilishana zamu, mmoja hamalizwi peke yake. Hesabu ya primu ikisomwa mbele ya wote, hata ikiwa ndogo, uvumi unapungua, na uvumi ni chanzo kikubwa cha chuki ofisini. Na mtumishi anayetoka Bweremana siku ambayo barabara imefungwa asiandikwe mtoro kama aliyelala nyumbani. Kuwe na kanuni iliyoandikwa, inayojulikana na wote, ili asilazimike kuchagua kati ya jina lake kwenye daftari na boti iliyojaa kupita kiasi.

Kanuni hiyo ya mwisho ni ndogo kwenye karatasi. Kwa wakaaji wa kando ya ziwa wanaokumbuka Kituku, inaweza kuokoa maisha.

Wakati wa kutafuta msaada

Msongo wa kawaida unashuka mtu akipumzika, akila vizuri, akizungumza na mtu anayemwamini. Lakini mtu aliyekaa wiki mbili bila usingizi, asiyeweza tena kufanya kazi za kawaida, anayekunywa kila siku, ama anayefikiria kwamba ni afadhali afe, hapaswi kuachwa na maneno ya «jikaze». Aende kituo cha afya kilicho karibu, apimwe pia damu na moyo, na aseme wazi kinachomsumbua. Mjini Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Upendo kinachotibu magonjwa ya akili, na Bukavu kuna SOSAME. Wanaokwenda huko hawaitwi wendawazimu. Wengi ni watu wa kawaida waliobeba mengi kwa muda mrefu.

Jamaa nao wana kazi. Aliyezama katika msongo mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Mke, mume, rafiki wa ofisi ama kiongozi wa kwaya anaweza kuona mapema kwamba ndugu huyu amebadilika: hali, hacheki, hapokei simu. Asingoje aombwe. Amfuate, akae naye, na ikilazimu amsindikize hadi kwa mganga.